Sungura si mbuzi

MIFUGO YETU



Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa kigangoni. Anaandika kwamba binti yake, aliye darasa la tano, alipewa sungura wawili na mjomba wake, akaambiwa kuwa wote ni majike. Haikuwa hivyo. Sasa nyumbani wapo tisa, na jike amekwisha kubeba mimba tena. Dume hana amani: humfukuza jike mchana kutwa, hunyunyizia mkojo kila pembe ya banda, na amemng'ata mmoja wa wanawe. Baba wa nyumba anataka kumhasi kwa wembe, kama anavyowahasi mabeberu wake. Binti amelia, amekataa kula. Mama anauliza: je, baba afanye? Na dume akishahasiwa, tumtunzeje asife?

Jibu letu kwa wembe wa baba ni fupi: asifanye. Jibu letu kwa swali la pili ni refu, nalo linastahili ukurasa wote huu. Sungura aliyehasiwa vema kabisa na mganga wa wanyama aweza kufa nyumbani siku ya pili, si kwa kisu, bali kwa tumbo tupu. Kisu ni kazi ya dakika chache. Kuuguza ni kazi ya siku kumi na zaidi.

KWA NINI WEMBE HAUFAI

Sisi watu wa nchi hii ya kati tumezaliwa penye zizi. Pale Mpwapwa maabara ya mifugo ilianzishwa tangu 1905, wakati wa Wajerumani, na kabla ya hapo wazee wetu walikwisha kujua kazi ya kuhasi. Ndipo tukapata maksai wa kukokota jembe na ndafu wa arusini. Beberu huhasiwa asubuhi, na jioni yumo kundini anachuma majani ya migunga. Kwa hiyo si ajabu baba huyu akifikiri kwamba ajuaye kubwa hashindwi na dogo.

Lakini sungura wa kufugwa ni mgeni kwetu. Asili yake ni sungura wa mwituni wa Hispania, naye si ndugu wa karibu wa yule sungura wetu wa porini. Yule wa porini huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka. Huyu wa bandani huzaliwa uchi na kipofu. Wazee hawakutuachia mazoea juu yake, nayo mazoea ya mbuzi hayamfai.

Tofauti kubwa ni hii. Njia ile inayotoka tumboni kwenda kwenye korodani, kwa sungura dume hubaki wazi maisha yake yote. Ndiyo maana akiogopa aweza kuzivuta korodani zake ndani zisionekane. Basi, ukimkata kama mbuzi na kuacha jeraha wazi, matumbo yaweza kuteremka kwa njia hiyo yakatokea nje, na hapo hakuna wa kumwokoa. Mganga wa wanyama hulijua jambo hilo, naye huifunga njia ile kwa uzi. Tena humlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, kwa kuwa sungura aliyeshikwa kwa nguvu hurusha miguu ya nyuma hata akavunja uti wake wa mgongo mwenyewe, na aweza kufa kwa hofu tu.

Hali kadhalika lile koleo la kuhasia liitwalo Burdizzo, kwa jina la Mwitalia aliyelibuni, ni la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Pete ya mpira nayo ni ya ndama na wana-mbuzi. Visitumike kwa sungura.

Mwendee bwana mifugo wa kata yako akuelekeze kwa mganga wa wanyama aliyesajiliwa. Si kila mganga amezoea wanyama wadogo, kwa hiyo mwulize bila haya: Je, umewahi kumhasi sungura? Asiyezoea, akiwa mtu mwema, atakuambia. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama, na waganga wengi wa nchi hii wamesomea huko.

JE, YAFAA KUTUMIA FEDHA KWA SUNGURA?

Najua wako watakaocheka. Fedha ya kumpeleka sungura kwa mganga, na mtoto hana daftari!

Wasicheke, wala wasinyamazishwe, maana swali lao ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2418, hufundisha mambo mawili pamoja. La kwanza: kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu hakupatani na heshima ya mwanadamu. La pili: haifai pia kuwamwagia wanyama fedha ambayo ingepasa kwanza kuondoa taabu za watu. Mengi tunalishika moja na kulisahau jingine. Mkristo ayashike yote mawili.

Basi, pima mambo ya nyumba yako. Kama fedha ya upasuaji ndiyo fedha ya daftari au ya dawa ya bibi, usimhasi. Jenga banda la pili, umtenge dume, na kazi imekwisha. Hapo hujamdhulumu mnyama wala hujatenda kosa. Kama unafuga kwa ajili ya nyama, kuhasi hakuna maana: watenge madume wadogo kabla hawajafikia miezi mitatu, wale au wauze wakiwa bado vijana. Mama aliyeandika afahamu hilo pia, kwa sababu kumhasi baba na kuwaacha wanawe madume pamoja na dada zao ni kazi bure.

Lakini kama sungura ni wa kupendwa na mtoto, nanyi hamtaki kumla wala kumwacha peke yake maisha yake yote, na fedha ipo, basi kuhasi ni jambo jema. Dume aliyehasiwa hutulia, haachi mkojo kila mahali kama mwanzo, na aweza kukaa na jike bila kujaza nyumba watoto. Umri unaofaa ni kuanzia miezi minne hivi, korodani zikiisha kushuka.

Ila kumbuka jambo moja. Anayemtia mnyama jeraha kwa faida yake mwenyewe ana deni kwa mnyama yule. Sungura hakuomba kuhasiwa. Sisi ndio tuliotaka. Deni hilo hulipwa kwa kumwuguza mpaka apone.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Mbuzi na mbwa hunyimwa chakula kabla ya dawa ya usingizi. Sungura asinyimwe. Yeye hawezi kutapika, tena tumbo lake halipaswi kusimama kufanya kazi hata siku moja. Ale kama kawaida, na umchukulie mfuko wa majani anayoyapenda, ili akiamka mbele ya mganga akute chakula cha kwao.

Safiri alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mtie ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, chini umetandika nyasi. Asifungwe miguu na kuning'inizwa kwenye usukani wa pikipiki kama kuku wa mnadani. Asibebwe kwa masikio kamwe: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya matako.

Ukiweza kuchagua wakati, chagua majira ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Masika yetu, tangu Desemba hadi Aprili, yana nzi wengi, nao ni adui wa kila jeraha. Mwezi wa Oktoba na Novemba joto la mchana ni kali mno kwa mnyama aliye mgonjwa.

USIKU WA KWANZA

Kabla ya kuondoka kwa mganga uliza mambo matatu, uyaandike: Amepewa dawa ya kutuliza maumivu, na nyingine nitampa lini? Nyuzi zitayeyuka zenyewe au zitatolewa? Usiku likitokea jambo, nimpigie nani simu?

Nyumbani mlaze ndani, mahali tulivu, mbali na mbwa, paka na watoto wadogo. Sakafu ya boksi iwe kitambaa safi au karatasi. Hata gazeti hili, mkisha kulisoma lote, lafaa. Ila ukurasa wenye picha ya mtakatifu muuweke kando. Usitandike vumbi la mbao, mchanga wala majani yenye miiba, maana hunasa kwenye jeraha.

Aliyelazwa kwa dawa hupoteza joto la mwili, na Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai una baridi na upepo. Jaza chupa maji ya vuguvugu, ifunge kwa kipande cha kanga, iweke upande mmoja wa boksi ili akitaka aisogelee, akichoka ajitenge. Usiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua sungura, nayo huua na watu.

Weka maji ndani ya bakuli pana, na majani mabichi karibu na pua yake. Matembele, majani ya kunde, ya alizeti na ya mzabibu yote ni mema, mradi hayakupigwa dawa. Na mashamba ya mizabibu hupigwa dawa mara nyingi, kwa hiyo mwulize mwenye shamba. Nyasi kavu safi ziwepo saa zote. Usimpe pumba wala nafaka kwa kumhurumia.

Aanze kula jioni ile ile, hata kidogo. Ikipita mchana mzima au usiku mzima hajala kitu, au hajapata choo, usingoje: mpigie mganga. Tumbo la sungura likisimama, hujaa hewa, humwuma, na maumivu humzuia kula zaidi. Ndivyo anavyokufa. Mganga aweza kukuelekeza kuponda majani laini na maji na kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa upande wa mdomo, kidogo kidogo, akiwa amekaa. Asilazwe chali, maana chakula kitaingia mapafuni. Na kama tumbo limevimba na kuwa gumu, usimlishe lolote kabla mganga hajamwona.

SIKU KUMI ZA KUANGALIA

Katika hadithi zetu sungura ni mjanja, na katika ugonjwa pia ni mjanja: huficha maumivu. Mnyama anayewindwa na kila mwenye meno hapendi kuonekana dhaifu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo usingoje alie. Mtazame hivi:

1. Mkao. Akijikunyata pembeni, amefumba macho nusu, masikio yamelala, anasaga meno, hataki kusogea, ana maumivu.

2. Choo. Kihesabu kwa macho kila asubuhi. Kizuri ni kingi, kikavu, cha mviringo, kama punje za mbaazi. Kikiwa kidogo kama punje za mtama, au kimekoma, ni hatari. Mtoto akimwona sungura anainama na kula choo laini moja kwa moja kutoka mwilini, asimpige. Hiyo si uchafu. Ndivyo Mungu alivyomwumba, kukipitisha chakula tumboni mara ya pili.

3. Jeraha. Litazame asubuhi na jioni, mikono imeoshwa kwa sabuni. Kuvimba kidogo kwa siku mbili tatu ni kawaida. Uvimbe unaozidi kila siku, damu isiyokoma, usaha, harufu mbaya, au uzi uliokatika: mrudishe kwa mganga siku hiyo hiyo.

4. Nzi na wadudu. Nzi akitaga mayai kwenye jeraha, funza waweza kutokea katika muda wa siku moja tu. Funika boksi kwa wavu mwembamba mahali asipoweza kuutafuna, na ubadilishe kitambaa kila kinapolowa mkojo. Akirudi bandani, miguu ya banda isimame ndani ya makopo ya maji, ili sisimizi na siafu wasipande.

5. Joto. Mchana akihema kwa nguvu, mhamishie kivulini penye hewa. Gunia lililoloweshwa maji juu ya paa la banda humsaidia. Lakini jeraha lenyewe libaki kavu, asioshwe.

Siku hizo zote asikimbizwe, asirukeruke, wala asibebwe ovyo na watoto. Kama kuna nyuzi za nje, kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

DAWA ZA NYUMBANI

Hapa nasema kwa nguvu, maana ndipo wema wa watu unapoua. Usipake majivu. Usipake kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, wala oili ya gari. Jeraha lililoshonwa halihitaji kitu juu yake ila usafi.

Usimpe vidonge vya watu. Dawa ya maumivu ya mtoto au ya babu si dawa ya sungura. Na zaidi ya zote, usifungue kidonge cha amoksilini au ampisilini ukamtia mdomoni. Ndani ya tumbo la sungura wamo vijidudu vyema vinavyomsagia majani. Dawa hizo zikinywewa huwaua hao, na wabaya hustawi mahali pao. Mwenye sungura huona ameharisha akafa, akadhani ni jeraha, kumbe ni dawa.

MAJUMA SITA YA KUNGOJA

Jeraha limepona, manyoya yanaota, dume anaruka. Sasa watu husema: amehasiwa, arudi kwa mkewe. La! Mbegu zilizobaki katika mirija yake zaweza kutungisha mimba bado kwa majuma kadhaa. Mtenge majuma sita kamili, uandike tarehe ukutani kwa chaki. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na aweza kupandwa tena siku ile ile ya kuzaa. Siku moja ya haraka yatosha kurudisha tabu yote.

Wakati wa kuwarudisha pamoja, waweke kwanza mabanda yao jirani, waonane kwa wavu. Kisha uwakutanishe kwa muda mfupi ukiwa hapo. Wakishaacha kupigana, waache.

KAZI NI YA NANI?

Mama, ushauri wetu wa mwisho ni juu ya binti. Usimwuguzie sungura wake yote wewe. Mpe daftari dogo aandike kila asubuhi na jioni: amekula, hajala, choo kingi, choo kidogo, jeraha kavu, jeraha lina maji. Likitokea baya, daftari lile litamsaidia mganga kuliko maneno mengi. Naye baba, aliyezoea wanyama kuliko wote nyumbani, awe ndiye wa kumshika sungura huku binti akitazama jeraha. Mtoto atajua kwamba mkono wa baba ni wa kuponya pia.

Na kama, pamoja na yote hayo, sungura atakufa, msimdanganye mtoto kwamba ametoroka. Mwambieni kweli, kwamba mlifanya linalowapasa. Aliyetimiza wajibu wake huweza kuhuzunika bila kujilaumu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya punda anayebeba maji: vidonda vya mgongoni, na namna ya kushona tandiko lisilomkwaruza. Mwenye swali amwachie katekista wa kigango chake, nalo litatufikia.

Wenu katika Kristu,
Karani wa Parokia